Fomu ya dawa ya kichocho niliyoigeuza nikiwa mwenyekiti wa kamati ya shule

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo zangu mliotaka kuniamkia, marahaba. Ninayoandika ni kweli tupu, na mkosaji ni mimi.

Kuna sahihi moja natamani ningekataa kuiweka.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi, huku kwetu Igogo. Watoto wa huku ziwa ndilo bafu lao, kwa hiyo kichocho kinajulikana kila nyumba.

Siku ya dawa utaratibu ulikuwa rahisi. Mtoto anakunywa uji, anameza vidonge. Mzazi asiyetaka anajaza fomu ya kukataa na kuirudisha shuleni. Waliokataa walikuwa wa kuhesabika.

Mwaka mmoja uji ulichelewa, watoto wakameza dawa na njaa. Wengi wakatapika. Jioni wazazi wakajaa kwangu, mbele yao jirani yangu Masanja, fundi seremala.

"Mwenyekiti gani wewe? Watoto wetu wanamezeshwa dawa kama kuku wa kisasa, na wewe unatazama."

Hilo neno la kuku lilinichoma, wakuu. Walitaka fomu igeuzwe: anayetaka dawa ndiye ajaze, asiyetaka akae tu. Niliona ni kumheshimu mzazi. Nikatia sahihi.

Nesi wa zahanati, Sista Perpetua, alinifuata nyumbani. Akasema kosa lilikuwa la uji, si la fomu.

"Mzee, watu wengi hawakubali wala hawakatai. Wanabaki pale ulipowaweka. Jana mtoto wa mzazi mvivu alikuwa anatibiwa. Kuanzia leo atakosa."

Nikamjibu asinifundishe watu wa Igogo, nimezaliwa nao.

(Naona humu jukwaani vijana mnaita mambo haya nudge, yaani kumsogeza mtu kidogo bila kumlazimisha. Sista hakulijua hilo jina. Alikuwa anatujua sisi.)

Siku ya dawa ilipofika, fomu zilizorudi zilijaa mkono mmoja. Si kwamba wazazi walikataa. Fomu zilikuwa chini ya magodoro, ndani ya mikoba, nyingine zimeshafungiwa vitumbua.

Sasa sikieni yangu.

Naishi na mjukuu wangu, Neema, wakati ule akisoma shule hiyo hiyo. Aliniletea fomu nikiwa nakula. Nikamwambia aiweke juu ya kabati, nitajaza. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Na uliofuata tena. Mimi niliyepigania haki ya mzazi kujaza, sikujaza hata moja.

Akiwa kidato cha pili, asubuhi moja anafunga viatu vya shule, Neema alitapika damu.

Nilimpigia Sista. Licha ya nilivyomjibu siku ile, alikuja na bajaji, akampakata mpaka hospitali. Daktari akauliza mara ya mwisho mtoto alipata lini dawa ya kichocho.

"Fomu yake haikurudi, daktari," Sista akajibu.

Hakusema ni nani hakuirudisha. Alijua yote, ila hakunivua nguo mbele ya mjukuu wangu. Sitamsahau kwa hilo.

Kichocho kilikuwa kimeharibu ini na kuvimbisha mishipa ya umio hadi ikapasuka; madaktari waliifunga, damu ikakoma. Mungu ashukuriwe, nao washukuriwe.

Baada ya hapo niliitisha mkutano wa wazazi, nikawaeleza habari ya kabati langu. Nilitegemea kuzomewa. Masanja akasimama wa kwanza.

"Mwenyekiti, hata ya kwangu haikuwahi kurudi."

Watu wakacheka, kile kicheko cha aibu. Tukarudisha fomu ya zamani, na sasa hakuna kidonge kabla kikombe cha uji hakijaisha. Anayekataa bado anakataa na hakuna anayemsema. Mwaka huu foleni ya dawa ilizunguka madarasa.

Mlio kwenye kamati na maofisini, mkitunga fomu jiulizeni kwanza: asiyefanya chochote ataishia wapi? Wengi wetu tutakuwa huko huko.

Aliyewahi kukutana na fomu ya namna hii, iliyomsaidia au iliyomponza, aandike hapa chini. Nitasoma zote. Na mwenye la kunilaumu aseme, msiogope mvi.

Neema yuko hai na amerudi shule. Lakini ini lake lina makovu ambayo daktari amesema hayatafutika. Atameza dawa maisha yake yote, na damu inaweza kurudi siku yoyote. Sahihi yangu ilinigharimu afya ya mjukuu wangu.