Majibu ya Dereva Yaliyokuwa Yakichelewa

Tangu kiharusi kimfunge ulimi, Dereva alisema kwa kompyuta: yeye anaandika kwa kidole kimoja, mashine inasoma kwa sauti. Lakini mashine yenyewe ilikuwa nzito kama gunia la mchanga. Mwulize kama anataka chai, jibu litakuja chai imeshapoa. Wageni walikuwa wanaaga kabla hajajibu salamu yao. Siku hizi alikuwa ameanza kuacha hata kuandika, na hilo ndilo lililomnyima usingizi mkewe, Mama Cherehani, mwanamke asiyekubali kushindwa na kitu chenye waya.

Akanunua memori ya pili ya kuiongezea mashine kasi, binti wa mdogo wake, ambaye ni fundi, akaipachika. Kuwasha, uzito ni ule ule.

"Niibebe nyumbani nikaitazame vizuri, mama mkubwa."

"Huibebi. Ukiibeba umeondoka na ulimi wa mtu. Itazame hapo hapo."

Binti akaketi katikati ya vitambaa vya kushona vya mama mkubwa wake, akaizima, akaiwasha, akasoma maandishi ya mwanzo kabisa. "Mashine inaziona memori zote mbili. Mfumo unaoiendesha ndio unaotumia nusu."

"Kapakuliwa sahani tele, anadonoa upande mmoja."

Binti akachimba kwenye mipangilio mpaka akakuta kisanduku kimetiwa tiki: memori isizidi gigabaiti nne. "Nani kaweka hii?"

Dereva akageukia dirisha. Baadaye kidole kikaanza safari, nao wakasubiri.

"Mimi," ikasema mashine hatimaye. "Zamani. Nilitaka itumie zote."

Wakati huo nne ndizo zilizokuwa zote. Maskini, alidhani anaifungulia njia, kumbe anaijengea ukuta. Mama Cherehani alikuwa na neno kali mdomoni. Akalimeza, akamfuta mumewe jasho kwa pindo la nguo yake.

Tiki ikatolewa. Kompyuta ikazimwa, ikawashwa, safari hii ikahesabu nane kamili.

"Haya baba, jaribu," alisema binti.

Mama Cherehani hakungoja. "Sikiliza, wewe mwanamume. Kuanzia leo hugusi kitu humo bila kuniuliza, maana wewe na huo ukaidi wako, tangu nikujue—"

"Na wewe je?" ikasema mashine.

Mama Cherehani akamgeukia. Tangu mumewe augue, kila sentensi alikuwa akiifikisha mwisho peke yake, hakuna wa kumpinga.

"Umenikatiza," alisema taratibu.

"Nitakukatiza tena."

Akavuta kiti, akakaa karibu naye mpaka magoti yakagusana, akaanza kumgombeza upya.