Walidhani Nimefuata Jina la Cucu

Akina mama, nafurahi kuwaona mmejaa hivi hapa kliniki, na watoto mgongoni. Mwenye swali aje akae upande wangu wa kushoto. Sikio la kulia ni la kuvalia herini tu, na leo nitawaambia ni kwa nini.

Nilizaliwa Wamagana, uhuru ukiwa bado mchanga. Kwetu palikuwa na kahawa, ng'ombe wawili wa maziwa na kaka wawili wakorofi. Mimi nilikuwa msichana wa kwanza, kwa hivyo nikapewa jina la mama wa baba, Nyaguthii, kama desturi yetu ilivyo. Baba aliniita Maitu, yaani mama, na akitoka shambani alinisalimia kwa heshima kama mtu mzima. Nilipendwa, wacha tu!

Sasa huyo nyanya yangu, tuliyemwita Cucu, alisifika kwa kunyamaza. Ukimuudhi, alikaa kimya siku nzima, umwite usimwite. Wakati huo aliishi Mukurweini kwa baba mkubwa.

Nikiwa na miaka miwili hivi nilishikwa na surua. Upele uliisha, lakini masikio yakaanza kuuma, nikawa nayavuta na kulia. Kisha yakatoka usaha wa manjano, unanuka, mpaka kaka zangu wakakataa kulala nami. Mama alipangusa kwa ncha ya kitambaa, akatia mafuta ya vuguvugu kama alivyoona wenzake wakifanya. Usaha ulikauka, lakini kila baridi ya Julai ilipokuja na ukungu wake, ulirudi. Majirani walisema, "Ni baridi tu. Ataacha akikua."

Hata maneno machache niliyokuwa nayo yakapotea. Kufikia miaka minne nilisema "baba" na "maa", basi. Ninachokumbuka ni midomo. Nilitazama mdomo wa mama ukicheza, na akigeuka kuchochea moto, nilibaki peke yangu. Nikiitwa siitiki. Na hapo ndipo nyumba nzima ilipocheka kwa furaha! "Haiya, ni Cucu kabisa! Amefuata jina!" Baba ndiye aliyefurahi kuliko wote. "Maitu ameudhika leo," alisema. "Mwacheni." Mama alikuwa na wasiwasi, lakini utamwambiaje mume wako kwamba jina la mama yake limeleta kasoro?

Halafu Cucu akaja kututembelea. Walimwonyesha mimi kwa majivuno, kama mtu anayeonyesha ndama mpya. Siku iliyofuata ng'ombe mmoja alikata kamba, akaja mbio kwenye kijia nilipokuwa nimechuchumaa nikicheza na udongo. Watu wote walipiga mayowe. Mimi sikugeuka. Cucu ndiye aliyeniwahi, akanivuta kwa gauni, tukaanguka wote wawili kando ya migomba.

Baba akajaribu kucheka. "Kweli Maitu hajali hata ng'ombe."

"Wewe!" Cucu alimfokea akiwa bado chini. "Ati huyu ni mimi? Mimi nikinyamaza niko na masikio. Nasikia kila kitu, hata vile mnanisengenya huko jikoni. Huyu mtoto hasikii! Kesho mpeleke hospitali, ama nirudi Mukurweini na jina langu."

Mama anasema baba alikaa chini pale pale kwenye matope akalia.

Walinipeleka hospitali ya Nyeri mjini. Daktari alinipangusa, akachungulia kwa taa yake ndogo. "Ngoma za masikio zimetoboka, zote mbili," alisema. Baba akamweleza habari ya jina. Daktari akatabasamu, akamwambia, "Mzee, jina haliwezi kuziba masikio. Ni ugonjwa, na mngengoja zaidi huyu angekosa kuongea."

Nilidungwa sindano, nikapiga kelele hospitali nzima. Nyumbani mama alikausha masikio yangu kwa pamba safi kila siku na kutia dawa ya matone. Mafuta alikatazwa kabisa, na maji yasiingie. Ilichukua miezi mingi. La kushoto lilipona vizuri. La kulia lilikauka, lakini halikurudi sawa.

Kusikia kulinitisha! Jogoo akiwika, najificha nyuma ya mama. Kuongea nako hakukuja bure. Cucu, yule mnyamavu, alihamia kwetu na kuongea kutwa: hii ni njugu, hili ni gunia, sema. Alinitazama usoni mpaka niseme. Niliingia darasa la kwanza nimechelewa, na kahawa bado naiita "tahawa". Watoto walinicheka, nami nikajifunza kuwajibu.

Kwa hivyo, mama, ukiwa na mtoto asiyeshtuka sufuria ikianguka, sikiliza moyo wako. Anayeukodolea macho mdomo wako, anayeongeza sauti ya redio, aliyekuwa na maneno kisha yakapungua, huyo usimwite mkaidi. Usaha wa sikio si jambo la kungojea, na usitie mafuta wala maziwa ya mama. Na wakikuambia, "Hata baba yake alichelewa kuongea," waitikie vizuri, kisha uende hospitali.

Mungu ambariki mama yangu kwa ile pamba, na Cucu kwa ule mdomo wake. Lakini baba ndiye nisiyemsahau. Siku moja tulikuwa tukichuma kahawa, mimi nimempa kisogo, akaniita kwa sauti ya chini. Nikaitikia, "Ii, baba?" Akasema hakuna kitu. Nikachuma kidogo, akaniita tena. Nikaitikia. Aliniita hivyo jioni nzima, bila haja yoyote, na kila mara niliitikia.

Basi ukifika nyumbani, mwite wako akiwa amekupa kisogo. Akigeuka, mshukuru Mungu. Asipogeuka, usimpige wala usimcheke. Mbebe, umlete.