Mlinda zamu wa Hai Cinema

Saa nne asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajainama kupita mlangoni, Nyaduoth Lam anawasha mashine ya kijivu na kutazama kifua cha mtu aliye kwenye televisheni.

Kinapanda. Kinashuka. Hakuna aliyegusa kitu, lakini yule mtu mwenye kitambaa chekundu shingoni anaendelea kupumua, amesimama kwenye njia ya msituni kama anayemngoja mwenzake.

"Hicho ndicho nilichokiona kwanza nikiwa mtoto," anasema Nyaduoth, kwa sauti ambayo jenereta ya nje inakaribia kuimeza. "Wenzangu waliona panga lake. Mimi niliona anapumua."

Anamtazama kidogo tu. Kisha anatoa diski ile, anaifuta kwa upindo wa kitenge, anairudisha kwenye mfuko wake na kuweka ya mpira. Wateja wa hapa huja kwa ajili ya mpira.

Chumba chenyewe ni cha mbao na mabati, katika mtaa wa Hai Cinema, Juba. Kina televisheni nne, mabenchi sita na feni moja inayozunguka ikijisikia. Nyaduoth, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, amefanya kazi humu tangu mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya amani kutiwa saini. Wapenzi wa gemu za video wanamjua kuanzia hapa hadi Nyakuron, ingawa wengi wao hawajawahi kumsikia akisema sentensi nzima.

Wanamjua kwa sababu ya vizibo.

Juu ya kila televisheni kumepangwa vizibo vya soda, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kimekwaruzwa alama yake kwa msumari: msalaba, pembe ya ng'ombe, nyota, samaki. Mteja akifika hupewa kizibo na kukiweka mwishoni mwa mstari. Mchezo ukiisha, Nyaduoth hunyanyua kizibo kinachofuata ili wote wakione. Mwenye duka ndiye huita.

"Kazi ya mdomo ni yangu," anasema mwenye duka, Lubega, Mganda wa Masaka aliyeleta mashine zake kwa lori kupitia Nimule. "Yeye ananyanyua, mimi naita. Mdomo wake iko likizo."

Kabla ya vizibo, watu walishikana mashati. Waliorudi kutoka Kenya walisema ni zamu yao. Waliotoka Khartoum walisema "dor tai", maana yake ile ile. Waganda walisema "mimi iko mbele". Kila mmoja alikuwa na haki katika lugha yake, na benchi moja lilivunjika kwa sababu hiyo.

"Huyu msichana alikuja hapa kufagia," Lubega anakumbuka. "Wiki ya kwanza, hakuna neno. Mimi nafikiri, basi, nimeandika bubu. Siku moja watu wanapigana hapa, vumbi inapanda, yeye anatoka. Nasema huyu amekimbia. Kumbe amekwenda kwa Harriet, jirani wa soda, kuomba vizibo. Anarudi, anapanga juu ya televisheni, pole pole, mtu mmoja, kizibo kimoja. Watu wananyamaza wanaangalia. Nikasema, eh, huyu si bubu. Huyu ni jaji."

Sheria za vizibo ni zake, na hazikuandikwa popote. Kizibo hakiuzwi wala hakirithiwi. Kizibo huitwa mara tatu, na mwenyewe lazima aitikie kwa mdomo wake. Kuinua mkono hakutoshi, kukohoa hakutoshi, rafiki hakuitikii. Kikiitwa mara ya tatu bila jibu, huanguka kwenye kopo, na mchezo unasonga.

"Watu walikuwa wananyoosha mikono wote kwa pamoja," anaeleza. "Mkono unadanganya. Ukisema, kila mtu amesikia umesema."

Kazi yake nyingine hufanyika chini ya meza, akiwa amekunja miguu kwenye mkeka. Hapo ndipo anapofufua pedi, vile vidude vya kushika mkononi ambavyo vidole vya wachezaji huvitafuna mchana kutwa. Kitufe kilicholegea hukipa kipande cha mpira kilichokatwa kwenye kandambili. Kitufe kisichosikia hukifungua, kisha huchukua penseli ya shule na kupaka risasi yake ndani, mahali ambapo umeme unapaswa kupita. Akifunga, kitufe kinasikia.

Anaponoa penseli hiyo kwa wembe hucheka mwenyewe. Aliacha masomo darasa la tano, mama yake alipougua na wadogo zake watatu wakahitaji mtu wa kuwatazama. "Mwalimu alisema penseli itanilisha," anasema. "Hakusema itanilisha namna gani."

Mwaka jana pekee alitengeneza pedi zaidi ya sitini. Lubega anasema zikipelekwa Kampala hazirudi, na mpya za sokoni hufa mwezi huo huo.

Soko hilo lina kisa chake. Siku moja Lubega alimtuma Konyo Konyo akanunue pedi mbili. Nyaduoth alimwendea mama muuzaji, akataja alichotumwa, na yule mama akamfungia pakiti mbili za pedi za wanawake kwenye gazeti, akamwambia kwa upole asione haya, ni mambo ya kawaida. Nyaduoth aliona haya. Alilipa, akashukuru, akarudi nazo dukani na kuziweka mbele ya bosi wake na wanaume kumi na wawili.

"Mimi nafungua gazeti hapa, mbele ya wateja," anasema Lubega, na hata leo hawezi kumaliza. Harriet, anayeuza chapati na soda mlango wa pili, anammalizia kutoka nje: "Alikwenda kujaribu kuchomeka kwa mashine, huyo mzee."

"Nyabo, choma chapati zako," Lubega anamjibu kwa heshima ya Kiganda.

Mashine ya kijivu ndiyo kongwe kuliko zote. Jicho lake la kusomea diski limechoka, kwa hiyo Nyaduoth huilaza chali, tumbo juu, na kuweka kitambaa kilichokunjwa chini ya kona moja. Huinamisha sikio. Ikitoa mlio wa kukwaruza, hukisogeza kitambaa upana wa ukucha. Ikinyamaza, diski imeshikwa. Hakuna mwingine dukani anayeiweza, na wateja wanasema mashine hiyo inamwogopa Nyaduoth peke yake.

Alikutana na mashine kama hiyo mara ya kwanza mwaka 1997, mjini Kitale, Kenya, ambako mama yake alikuwa amewafikisha wakikimbia vita. Ilikuwa katika kibanda cha kinyozi kilichokuwa nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Kinyozi aliwatoza watoto shilingi mbili kwa mchezo. Nyaduoth hakuwa nazo, na mgongoni alikuwa na mdogo wake, kwa hiyo alisimama nje, kwenye dirisha la waya.

Alisimama hapo karibu miaka miwili.

"Mpira niliuona, ngumi niliziona," anasema. "Lakini siku ambayo watu ni wachache, walikuwa wanaweka ile ya msitu. Nilikuwa nasahau kama nimebeba mtoto. Mvua ilikuwa inanyesha ndani ya televisheni na nje jua linawaka. Nilikuwa najiuliza, hiyo mvua inatoka wapi?"

Mtu wa kitambaa chekundu hupita msituni, huvuka kijiji kisicho na watu, hupanda mlima, na mwisho hufika kwenye daraja la kamba. Ng'ambo yake kuna ukungu, na ndani ya ukungu taa moja. Hapo ndipo watoto wote wa Kitale walipoishia. Daraja lilikatika, au muda wa kinyozi uliisha. Mashine haikuwa na kadi ya kutunza kumbukumbu, kwa hiyo kesho yake mtu yule alianza tena mwanzo wa msitu, kana kwamba jana haikuwepo.

Kuna jambo jingine, na hili analisema akiwa ameinamia pedi aliyoifungua. Mtu yule akiachwa bila kuguswa, hupumua, halafu hugeuza kichwa kushoto. Pale Kitale, kushoto kwa televisheni ndiko kulikokuwa na dirisha.

"Nilidhani ananiangalia mimi," anasema. "Nilidhani amechoka na wale wa ndani, anataka mtu wa nje."

Alipoajiriwa kwa Lubega, alipangusa mfuko wa diski kuukuu na kukuta diski ya msitu humo. Ilikuwa ni miaka tisa tangu aione mara ya kwanza. Tangu siku hiyo huiwasha kila asubuhi kwa dakika moja, mtu apumue, ageuze kichwa, kisha huitoa. Pedi yenyewe hushika ili kuitengeneza tu. Hajawahi kucheza, si gemu hiyo wala nyingine yoyote.

Kwa nini?

"Zamu ni za wateja," anajibu haraka. Baadaye sana, kitufe kimoja kikiwa kimekwisha kurudi mahali pake, anaongeza: "Hakuna aliyenikataza."

Saa saba mchana, chumba kimejaa. Aleer, dereva wa shirika moja la misaada aliyekulia Nakuru, amekuja wakati wa mapumziko yake ya chakula, chapati mkononi. Ndipo Lubega anapotangaza, bila kumlenga mtu, kwamba Jumamosi fundi wa Kampala anapita na lori. Mashine mbili mpya zinakuja. Ile ya kijivu fundi ataichukua, aifungue, atoe vipuri.

"Hiyo mzee iende ipumzike," anasema. "Inasoma diski kama mimi nasoma gazeti ya Kiarabu."

"Bosi, na zile diski zake?" Aleer anauliza.

"Mpya haisomi hizo. Zinakwenda pamoja. Kalas, basi."

Watu wanashangilia mashine mpya. Aleer anataka kujua kama zina timu za msimu huu. Chini ya meza, penseli imeacha kutembea. Nyaduoth anatazama kitambaa kilichokunjwa chini ya kona ya mashine ya kijivu, kisha anaendelea kupaka risasi.

Leo ni Alhamisi.

Nyaduoth ana mipango yake, na ukimpa muda huieleza. Mama yake amepata kiwanja kidogo Lemon Gaba, na mwendo wa saa moja kwa miguu kila asubuhi umempa nafasi ya kufikiri. Anataka chumba kimoja huko, televisheni mbili, na benchi la mbele kabisa liwe la wasichana, hata wenye watoto mgongoni. Dirisha lake litakuwa kubwa na halitakuwa na waya. Lubega amemwahidi pedi kuukuu zote zitakazobaki. "Huyo akifungua, mimi nafunga," anasema bosi wake. "Wateja wote watamfuata na vizibo vyao."

Lakini mpango huo ni wa mwakani, au mwaka unaofuata. Daraja la kamba ni kabla ya Jumamosi. Amehesabu kichwani, kama alivyohesabu Kitale: asiyekosea njia hufika darajani kwa dakika ishirini. Zamu moja kwa Lubega ni nusu saa. Zinabaki dakika kumi za kuona ng'ambo.

Saa tisa alasiri, mstari wa mashine ya kijivu umebaki na vizibo vitatu. Pembe ya ng'ombe inacheza na kufungwa mabao manne. Samaki anacheza. Nyaduoth ananyanyuka kutoka kwenye mkeka, anajifuta risasi ya penseli vidoleni, anafika kwenye televisheni na kunyanyua kizibo cha tatu.

Kizibo hicho hakina alama.

"Ya nani hii?" Lubega anaita kutoka mlangoni, kwa sauti yake ya kazi. "Kizibo bila alama! Mara ya kwanza."

Watu wanatazamana. Aleer, aliyechelewa kurudi kazini, anatazama mstari wa televisheni nyingine, anaona nyota yake ipo. "Si yangu, sista. Nani ameacha kizibo hajakiandika? Mambo gani haya?"

"Mara ya pili," anaita Lubega. "Ya nani? Kama mwenyewe amekwenda kukojoa, mwambieni mimi sina huruma."

Harriet amechungulia mlangoni akiwa na unga mikononi. Anamtazama Nyaduoth, anatazama mkono wake ulio juu na kizibo kisicho na alama, kisha anajipangusa unga na kuingia ndani.

"Irushwe kwa kopo, tuendelee," anasema mmoja kutoka benchi la nyuma.

Lubega anavuta pumzi ya kuita mara ya tatu. Mashine ya kijivu, tumbo juu, inanguruma kidogo na kutulia. Mkono mwingine wa Nyaduoth umekwisha kutoa diski ya mpira na kuibonyeza mahali pake diski ya msitu. Kwenye televisheni mtu wa kitambaa chekundu anatokea. Kifua kinapanda, kinashuka. Anageuza kichwa kushoto, kwenye ukuta wa mabati, ambako hakuna dirisha.

"Yangu," anasema Nyaduoth, na chumba kizima kinamsikia. "Ni zamu yangu."