Kompyuta Iliyogoma Wiki ya Mitihani

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na Same mjini kukajaa mitumba na redio za kaseti, shule yetu ya sekondari kule milimani, jirani na Myamba, ililetewa kompyuta ya msaada pamoja na printa yake. Mimi nilikuwa karani wa shule, na ndani ya mashine ile nilikuwa nimechapa mitihani yote ya majaribio ya kidato cha nne. Jumatatu ya wiki ya mitihani niliiwasha. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Kisha ikaanza kulia: bip, bip, bip.

Mkuu wa shule akaingia na koti lake la mvua.

"Umebonyeza nini, dada?"

"Sijabonyeza kitu, Mkuu. Nimeiwasha tu."

"Haiwezi kulia bila sababu. Izime, uiwashe tena."

Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha waya, nikahamisha plagi, nikaitoa kwenye stabilaiza ya kutuliza umeme. Bip, bip, bip. Na kila mara yeye aliinama mbele ya skrini, akisubiri maandishi, halafu akanigeukia mimi.

Kesho yake niliifunga blanketi, nikapanda lori la tangawizi kushuka Same. Mvua ilikuwa imeiharibu barabara vibaya. Lori liliponasa kwenye tope, abiria wote wakashuka kusukuma, ila mimi nilibaki juu ya magunia nimeikumbatia kompyuta. Bibi mmoja akaniangalia kutoka chini.

"Unabembeleza nini hapo, mwanangu?"

"Ni mashine ya shule, bibi."

"Basi nayo ishuke, isukume."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Fundi wa Same alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, na kompyuta alijifunza Moshi. Aliifungua, akachomoa vibao viwili vyembamba alivyoviita memori, akavisugua ncha kwa raba ya kufutia penseli, akavirudisha. Skrini ikawaka. Niliiona mitihani yangu yote, nikapiga makofi kama mtoto.

"Ni unyevu wa huko kwenu," alisema. Printa hakuwa nayo, ikabidi nirudi na kompyuta hivyo hivyo, barabara ile ile, mashimo yale yale.

Jumatano asubuhi, mbele ya walimu wote waliokuwa wakiisubiri mitihani, nikaichomeka, nikabonyeza. Bip, bip, bip.

"Sasa Same ulikwenda kufanya nini?" mkuu akauliza.

Walimu wakachukua chaki, wakaenda kuandika maswali ubaoni. Mimi nikaazima bisibisi, nikafunga mlango wa ofisi, nikaanza kuvichomoa vile vibao na kuvirudisha kama nilivyomwona fundi. Nilisugua, nikakandamiza, nikawasha, ikalia. Nikarudia hivyo kila siku mpaka Ijumaa. Bati la ndani likanikata kidole. Nikaitukana mashine ile kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, matusi ambayo mama yangu hakujua kama ninayajua, nikavikandamiza tena kwa hasira mpaka vikatoa mlio mdogo wa kujifunga. Skrini ikawaka.

Nilichapa karatasi zote, nikazipeleka mbio madarasani. Wanafunzi walikuwa wanakusanya majibu yao. Mtihani wa mwisho ulikuwa umekwisha.

Mkuu akalipokea lile bunda la karatasi, akalipima mkononi.

"Umeona? Kumbe ilikuwa kazi ndogo tu. Zitunze, tutazitumia mwakani."

Nilisema ndiyo, Mkuu. Kisha nikaenda bombani nyuma ya jiko, nikafungulia maji ya baridi juu ya kidole changu, nikalia mpaka nikachoka.