Chupa Isiyo na Lebo

Lifti ya jengo letu hapa Malvern, Toronto, inanuka bangi kutoka chini mpaka ghorofa ya kumi na tatu. Asubuhi inanuka, jioni inanuka, na Jumapili tukiwa tumevaa vitenge vya kanisani inanuka vilevile. Ukivuka barabara kuna duka linaiuza, lina taa kama duka la simu. Mtu mzima yeyote anaingia, anatoka na kifuko chake cha karatasi, wala haulizwi anaumwa nini. Hakuna anayeshtuka. Wenye kushtuka wote walikuwa wananisubiri mimi na mililita moja ya mafuta ya mwanangu.

Ana miaka saba. Ana kifafa. Miaka miwili sikulitamka hilo neno, nilikuwa nasema "kile kitu chake", kama mjinga. Dawa ya kwanza ilimvimbisha uso, ya pili ilimlaza juu ya daftari, na bado alikuwa anaanguka. Ndipo daktari wake wa ubongo akatuandikia mafuta ya bangi, yale ambayo kile kinacholewesha kimo kidogo mno. Yeye hakunipa cheti cha kupeleka duka la dawa. Alijaza hati: jina la mtoto, gramu ngapi kwa siku, na tarehe ya mwisho ya hati yenyewe. Ile hati inakwenda kwa muuzaji mwenye leseni, anamsajili mtoto, ananisajili na mimi kama mtu mwenye dhamana naye, halafu chupa inakuja kwa posta.

Karatasi zote nilizisoma mwenyewe jikoni, kwa Kiingereza cha kidato cha nne na simu ya kutafsiria pembeni. Kulikuwa na mstari unasema dawa ikae kwenye chombo chake, na lebo yake. Nikausoma nikaupita, kama unavyopita "tikisa kabla ya kutumia".

Wiki tano mtoto hakuanguka. Wiki tano! Daktari akaongeza dozi ya tatu, ya saa sita na nusu mchana, maana alikuwa bado anatetemeka mkono kabla ya kutoka shule. Hiyo ingebidi apewe shuleni. Nikajaza fomu ya shule, daktari akasaini, nikaambiwa Jumatatu nilete chupa.

Sasa Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu jumuiya ilikuwa kwangu.

Kama hujawahi kupokea jumuiya ya Waswahili ughaibuni, nikueleze. Ibada inachukua saa moja, kula kunachukua saa tatu. Kina mama wakiingia hawakai, wanakwenda jikoni kwako moja kwa moja. Wanafungua kabati wakitafuta sahani, wanafungua friji wakitafuta pilipili, wanaosha, wanapanga upya, na huwezi kuwaambia kitu kwa sababu wanakusaidia. Chumbani ndiko yanakolundikwa makoti na wanakolazwa watoto wachanga. Kwa hiyo usinambie ningeificha. Ningeificha wapi?

Kwenye chupa kulikuwa na ile alama nyekundu ya pembe nane yenye jani la bangi, na chini yake kibandiko chenye jina la mwanangu, jina kamili mpaka la babu yake. Niliyatazama yale mawili pamoja, jani na jina, nikaona aibu. Nikachemsha maji, nikaloweka chupa mpaka shingoni, nikabandua vyote kwa ukucha. Boksi nikalitupa kwenye shimo la taka la ghorofani. Halafu nikachukua kalamu nikaandika juu ya plasta: MLONGE.

Nilijiona nina akili.

Mama Mchungaji aliiona kabla hata wali haujapakuliwa.

"Wewe! Una mafuta ya mlonge na umenyamaza? Magoti yangu haya yananiua na hii baridi. Nimiminie kidogo."

"Shikamoo tena mama, hayo ni ya mtoto."

"Marahaba. Mtoto ana magoti?"

Wakacheka jiko zima. Mwingine, yule anayesuka nywele za nusu ya kanisa, akadakia, "Mwache, mama, huyu tangu apate makaratasi ya ukaazi amekuwa mchoyo." Wakacheka zaidi. Na mimi nikacheka, huku nimeing'ang'ania chupa kama mtu aliyekamata kuku. Baadaye wakala, wakaanza kusikitikia vijana wa Toronto na bangi, jinsi shetani alivyofungua maduka. Mtoto wa msusi mwenyewe tumempita kwenye ngazi akipuliza moshi! Nikaitikia "kweli kabisa". 

Jumatatu sekretari wa shule aliishika chupa kwa ncha za vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Dawa. Fomu yake unayo hapo."

"Imeandikwa nini hapa?"

Nikaibandua plasta ya mlonge mbele yake. Akamwita makamu wa mkuu wa shule, kijana mmoja mwenye sauti ya kubembeleza wagonjwa. Akaniambia wanafunzi wenye hati wanaruhusiwa, yeye hana tatizo na dawa, ila hawezi kumpa mtoto kitu kutoka kwenye chupa isiyosema ni nini, cha nani, na dozi ngapi. Angekuwa mbaguzi ningejua la kumwambia, nimeshawaambia wengi. Lakini alikuwa na haki, na kuliko yote hilo ndilo lililonichoma.

Nikampigia muuzaji nikiwa nimesimama kwenye theluji ya kituo cha basi. Dada wa kwenye simu akasema lebo haichapwi upya kwa chupa iliyokwisha funguliwa. Na chupa mpya?

"Kwa gramu alizoandika daktari, oda inayofuata inafunguka Jumatano ya wiki ijayo."

"Mtoto wangu anaumwa leo."

"Naelewa, mama."

Haelewi kitu. Nikapigia kliniki, wakasema daktari yuko likizo, kama ni dharura nenda hospitali. Nikafikiria lile duka la ng'ambo ya barabara. Mle ningeweza kununua ya kulewesha ukumbi mzima wa harusi, lakini ile ya mwanangu, kwa kipimo chake, haimo. Nchi gani hii! Mlevi anahudumiwa kwa dakika mbili, mgonjwa ana kalenda.

Basi nikawa nakwenda mwenyewe, mume wangu kazi yake iko mbali na haachiwi mchana. Makamu alikubali: mzazi akija na dawa yake mwenyewe, anampa mtoto kwenye chumba cha mgonjwa. Mimi nalea wazee kwenye nyumba ya wazee, na saa hiyo ya mchana ndiyo ya kuwalisha. Mwenzangu wa kazini, Mjamaika, akanishikia wazee wangu Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Naondoka saa tano na nusu, basi mbili, nampa mtoto mililita yake kwa bomba la plastiki, narudi mbio.

Alhamisi basi la pili halikuja. Ubao ukaandika dakika nne, ukaandika dakika tisa, ukazima. Nikaanza kukimbia pembeni ya barabara na viatu vya kazini, theluji inaingia soksini. Nilifika saa saba na dakika ishirini, nikakuta gari la wagonjwa mlangoni.

Alianguka maktaba, wakiwa wamekaa kwenye zulia wanasomewa hadithi. Nilipoingia alikuwa amelazwa ubavu, darasa zima limetolewa isipokuwa viatu vyao. Mhudumu wa gari la wagonjwa akaniuliza anatumia dawa gani. Nikasema majina yote, na la mwisho nikalisema taratibu. Akasema, "Mama, sikusikii." Nikarudia.

Hospitali alipozinduka aliniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, kama alijikojolea mbele ya wenzake. Nikamwambia kidogo. Akageukia ukutani.

Jumamosi jumuiya ilikuwa kwa msusi. Mume wangu alisema tusiende. Nikamwambia tunakwenda, na mtoto anakwenda. Ukifika wakati wa mahitaji ya maombi, kwetu watu wanasema kwa mafumbo: niombeeni nina jambo, mwanangu ana changamoto. Zamu yangu ilipofika nikasema mwanangu ana kifafa, Alhamisi alianguka shuleni kwa sababu yangu, na dawa yake ni mafuta ya bangi yaliyoandikwa na daktari. Yale mliyoambiwa ni mlonge.

 

"Bangi?" Mama Mchungaji akasema. "Mtoto wa miaka saba?"

"Ya daktari, mama."

Akasimama, akanyoosha mkono wake juu ya kichwa cha mwanangu. "Watumishi, tusimame. Hii roho tuikemee."

"Hapana."

"Mwanangu, tunamwombea tu."

"Mwombee akiwa amekaa na juisi yake. Usimkemee. Hana roho chafu, ana ugonjwa."

"Unajibizana na mimi?"

"Ndiyo, mama. Samahani, lakini ndiyo."

Mume wangu alikuwa anatazama zulia. Ilikuwa imefika saa ya dozi ya jioni, na sikuwa na nguvu ya kutafuta choo cha kujifichia. Nikatoa chupa, nikavuta mililita moja, nikamwita. Akaja, akafungua mdomo, watu wazima kumi na tano wanamtazama kana kwamba atageuka nyoka. Akameza, akakunja uso, akauliza kwa Kiingereza kama kuna maandazi. Msusi ndiye aliyeinuka kumletea. Hakuniangalia. Alileta mawili.

Chupa mpya ilifika Ijumaa iliyofuata. Sikuigusa hata kuifungua, nikaipeleka ndani ya boksi lake. Sekretari akasoma lebo yote kwa sauti, jina la mwanangu akalikosea, nikamsahihisha, akalikosea tena. Mbele ya foleni ya wazazi akauliza, "Hii ndiyo ya bangi?"

"Ndiyo hiyo," nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Saa sita na nusu. Usichelewe."

Akaandika, akaifungia kabatini. Nikapanda basi nikaenda kulisha wazee wangu.