Huyu Mama Ni wa Nani?

Sikuwa nimelewa. Niseme hilo kwanza, maana hapa Goma ukisimulia jambo la namna hii, swali la kwanza ni: ulikunywa nini? Nilikuwa nimekunywa chai. Na wale wanaodhani mambo haya husubiri giza, wamedanganywa. Langu lilinikuta mchana kweupe, jua la utosi, kwenye uwanja wa ndege wa Beni, mbele za watu.

Tena ujue, mimi ni mtu wa kushuku. Nauza vipuri vya pikipiki mtaani Birere, na katika kazi ile ukimwamini kila anayetabasamu utalala njaa. Mke wangu Kavira ananiita Papa Polisi. Mgeni akibisha kwetu mtaa wa Katoyi, mimi namuuliza ametoka wapi na anamtafuta nani kabla hata ya kumpa kiti. Sasa mtu kama huyo alinaswaje? Alinaswa kwa sababu alikuwa anamshuku mtu mwingine.

Nilikuwa narudi kutoka Bunia na nilikuwa na haraka. Kavira alikuwa na mimba yetu ya kwanza, mwezi wake ulishatimia, na mimi niko mbali. Nilipata nafasi kwenye ndege ndogo inayoshuka Beni kwanza, halafu Goma. Aliyezipanda ndege hizo anajua mambo yake. Unapandishwa kwenye mzani pamoja na mzigo wako, kama gunia la maharage, kwa sababu rubani anataka kujua anabeba nini. Viti havina namba, anayewahi ndiye anayechagua. Nikawahi dirisha la kushoto, na kiti cha pembeni yangu kikabaki wazi.

Beni wakatuambia tushuke wakati ndege inatiwa mafuta. Sisi tuliokuwa tunaendelea na safari tulipewa kila mmoja kikadi cha plastiki cha kijani, alama ya transit. Ukirudi unakikabidhi chini ya ngazi, unapanda. Hupimwi tena, kwa sababu ulishapimwa kule ulikotoka. Shika hilo kichwani, mimi sikulishika.

Niliacha begi kwenye kiti kushikilia nafasi, kama wote walivyofanya. Ndani mlikuwa na nguo za mtoto nilizochagua Bunia. Basi nimesimama pale uwanjani, nikamwona baba mmoja mnene mwenye koti la ngozi, abiria mpya wa Beni, anapanda ngazi kabla yetu. Macho yake sikuyapenda. Nikajisemea, huyu anakwenda kukalia dirisha langu, na begi langu ataliweka anapojua yeye. Nikaanza kusukuma foleni.

Mbele yangu palikuwa na mwanamke amesimama, haendi mbele wala harudi nyuma. Kitenge cha buluu, mkononi kikapu kidogo kilichofunikwa majani. Wakala wa ndege akamnyooshea mkono.

"Mama, karte ya transit iko wapi?"

Akakumbatia kikapu chake. Wakala akainua macho, yakanikuta mimi niliyekuwa namkanyaga visigino.

"Papa, huyu mama ni wa nani?"

Nawe unajua sisi tunavyofanya. Mtu akikwama kwenye kizuizi, kwenye mlango wa ofisi, unasema ni ndugu yangu, anapita, maisha yanaendelea. Kesho wewe ndiye utakayekwama. Ni wema tuliolelewa nao. Na mimi akili yote ilikuwa kwenye koti la ngozi.

"Ni wangu," nikasema. "Tuko pamoja. Acha tupande!"

Mwanamke akageuka akaniangalia. Niamini, hakuna mtu aliyewahi kuniangalia vile, hata mama yangu mzazi. Ilikuwa furaha, furaha ya mtu aliyefunguliwa kamba. Akapita.

Begi langu lilikuwepo. Yule baba wa koti la ngozi alikuwa ameketi nyuma kabisa, anasali rozari. Nikaona aibu kidogo. Mwanamke akaketi pembeni yangu, na tulipopaa ndipo nilipoliona pindo la kitenge chake: limelowa, linadondosha maji, na Beni siku ile vumbi lilikuwa linatimka. Hapo polisi wangu wa ndani akaamka, kwa kuchelewa. Huyu amepandia wapi? Kama ni wa transit, mbona sikumwona kutoka Bunia? Kama ni wa Beni, mbona hakupimwa? Nikadhani ni mtu wa magendo. Nikasogeza begi langu dirishani.

Mhudumu akapita anagawa bonbon, zile pipi za safari. Mimi akanipa moja, akaendelea.

"Na mama huyu?" nikamuuliza, kwa ukali, maana ubahili siupendi.

Akatazama kile kiti, akanitazama mimi. Akacheka. "Papa, unapenda sukari weye," akasema, akaniongezea moja.

Nikabaki na bonbon mbili mkononi, na hapo nikaelewa: kile kiti yeye alikiona kitupu.

Tulipofika juu ya Ziwa Edouard mwanamke akainama kupitia mbele yangu kuangalia dirishani. Nguo yake ilinigusa mapajani, baridi kama samaki, lakini uzito haikuwa nao. Akanyoosha kidole kule chini.

"Vitshumbi ni pale," akasema. "Ni pale balinitoa mu maji. Balinilaza ku muchanga, bakauliza: huyu mama ni wa nani? Batu bote bakanyamaza. Bakauliza tena. Bakanyamaza."

Ungesema nini? Mimi nilisema "pole". Ndilo neno lililotoka.

"Weye ulisema," akajibu, akatabasamu. "Bibi yako iko karibu kuzaa, hapana? Tutasaidiana. Kisha siku moja tutarudi wote ku maji."

Sikumwambia habari za Kavira. Sikumwambia mtu yeyote ndani ya ndege ile. Nikafumba macho nikaanza Salamu Maria, na maneno niliyoyajua tangu utotoni yakawa yananipotea katikati. Nilipofumbua, magurudumu yalikuwa yanagusa lami ya Goma na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, kimelowa.

Nilipanda pikipiki bila hata kupatana bei. Kavira nilimkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni, tumbo mbele, na sura ile ambayo kila mume anaijua.

"Dada yako gani wa Vitshumbi?" akaniuliza. "Tangu tuoane sijasikia uko na dada Vitshumbi. Nimemuuliza weye ni wa nani, anasema yeye ni wa bwana yangu! Unanichezea?"

"Iko wapi?"

"Amekunywa maji, amenishika tumbo, ameniambia ni mutoto musichana. Akapita mulango ya nyuma. Si umufate, basi!"

Nyuma ya nyumba yetu hakuna njia, kuna ukuta wa mawe ya volkano. Kwenye saruji palikuwa na nyayo za maji zinazokwenda hadi ukutani, na zilikuwa zinakauka mbele ya macho yetu. Kavira aliziangalia. Ugomvi ukamwishia mdomoni.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Tukamwita Furaha. Padri alinisikiliza kwa heshima, akabariki nyumba, akanishauri nipumzike. Lakini Kavira ana akili kuliko sisi sote. Alisema neno lililosemwa mbele ya mtu linafutwa mbele ya mtu yuleyule: nirudi Beni, nimtafute yule wakala, niseme huyu mama simjui. Nikasema nitakwenda. Leo kazi, kesho mvua, keshokutwa mtoto ana homa. Kisha vita vikaingia mjini, ndege zikaacha kutua Goma, barabara nayo ikawa ya kupita kwa maombi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu linauma hadi leo.

Mama mkwe wangu yuko Bukavu, na hajawahi kumwona mjukuu wake. Siku hizi njia ni ya boti, juu ya Ziwa Kivu. Nilikataa. Kavira akabembeleza, akalia, mwisho nikajiambia: ziwa hili si lile. Furaha alikuwa ameshaanza kuongea vizuri. Asubuhi tukashuka bandarini, watu wengi, jua zuri, mimi nimemshika mtoto mkono wa kulia.

Wakala wa boti akauliza, "Muko bangapi?"

"Watatu."

"Watatu?" Akanyoosha shingo. "Na huyu mama ni wa nani?"

Sikugeuka. Nilitazama chini, nikauona mkono wa kushoto wa mwanangu. Ulikuwa umeinuliwa, vidole vimekunjwa, kama unavyokunjwa mkono wa mtoto anayeshikwa na mtu mzima. Na sakafu pembeni yake ilikuwa imelowa.

Wakala hakuwa yule wa Beni, lakini nikajua nafasi yangu ndiyo hii. Nikapaza sauti watu wote wasikie. "Simjui! Si wetu! Hatuko naye!"

Wakala akarudi nyuma hatua moja. Watu wakageuka kututazama. Naapa nilihisi kitu kinaachia, kama kamba inavyolegea.

Ndipo Furaha akavuta suruali yangu. Alikuwa ananiangalia kwa huruma, kama mimi ndiye niliyekosa adabu.

"Papa, usiseme vile," akasema. Kisha akamgeukia wakala. "Ni wetu. Tuko pamoja."

Hatukupanda. Nilimbeba mwanangu nikakimbia naye hadi barabarani, Kavira nyuma yangu anaita jina la Bikira Maria. Bukavu hatujaenda. Kwetu hakuna anayekaribia ziwa, hata kuchota maji. Furaha ana afya, anacheza, anacheka. Ila akila husogea kidogo kwenye benchi, anaacha nafasi ya mtu mzima mmoja. Mimi nilisema neno lile kwa haraka, pengine lingefutika. Yeye amelisema kwa upendo. Hilo nitalifuta mbele ya nani?

Basi wewe unayesafiri, uwe wa ndege, wa boti au wa gari, msaidie mwenzio mzigo, mpishe kiti, mgawie mkate wako. Lakini wakikuuliza mlangoni huyu ni wa nani, geuka kwanza umwangalie. Mwangalie pindo la nguo. Na kama umemshika mtoto wako mkono mmoja, uangalie na ule mwingine.