Mama Hajambo?

Sisi Waswahili tuna ugonjwa wetu, na hakuna wa kututibu. Mtu amefiwa, turubai limeshafungwa uani, ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu, "Njema." Mpaka avute pumzi kwanza ndipo aseme, "Ila tumepata msiba." Dafrosa, Mhaya wa Kamachumu anayehudumia wazee mjini Crystal, huko ughaibuni, ndiye aliyemwambukiza Mzee Selva ugonjwa huo.

Mzee Selva alikuwa Mtamil wa Sri Lanka, injinia mstaafu aliyefiwa na mkewe. Kwa miaka sita Dafrosa alikwenda kwake kila asubuhi kumwogesha, kumpikia uji, na kumgombeza akificha vidonge chini ya sahani. Kiswahili chote alichookota mzee yule kilikuwa swali moja, na alilitoa kabla Dafrosa hajavua buti zenye theluji. "Mama hajambo?"

"Hajambo, Mzee."

Mama mwenyewe, Bernardine, alikuwa Kamachumu anaugua moyo. Mwaka ule Dafrosa alikuwa na likizo moja tu, na alishaipanga: kwenda kumwona mama baada ya miaka tisa. Ndipo kumbukumbu za Mzee zikaanza kumtoroka. Akasahau chooni ni wapi. Akamwita bintiye kwa jina la marehemu mkewe. Daktari akasema, kama kuna safari, iwe sasa. Na safari ilikuwepo: Polonnaruwa, magofu ya mji mkuu wa kale wa Sri Lanka, alikokutana na mkewe Kusuma, yeye Mhindu wa Kitamil, Kusuma Mbudha wa Kisinhala. Ndoa yao ilikasirisha wazee wa pande zote mbili. Bintiye alikuwa na mimba ya miezi minane, hawezi kupanda ndege. "Dada Dafrosa, bila wewe baba haendi," alisema. Na safari hiyo ingemla Dafrosa likizo yake yote.

Dafrosa akapiga simu nyumbani analia. Mama akamcheka. "Mpeleke, mwanangu. Akili ya mzee huyo haimngoji. Mimi nitakungoja. Niende wapi?"

Basi wakaenda. Jua la Polonnaruwa, jamani! Na patakatifu pale hapakanyagwi kwa viatu, hata pawe pamebaki gofu. Dafrosa akapiga magoti, akamvua Mzee viatu, akamvisha soksi asiungue, akasahau kujiletea za kwake. Akasukuma kiti cha magurudumu huku nyayo zinawaka, wakipita kuta za kasri ambazo sasa wenyewe ni nyani.

Wakafika kwenye jabali lenye sanamu za Buddha. Moja imelala, ndefu kuliko basi la shule. Pembeni yake imesimama nyingine, imekunja mikono kifuani.

"Huyu aliyelala anakufa," Mzee alisema. "Na huyu, wengine wanasema ni mwanafunzi wake. Anamlilia." Akaweka ua kwa ajili ya Kusuma.

Simu ya Dafrosa ikalia. Alikuwa Evodius, mdogo wake. "Dada, jikaze. Mama ametutoka alfajiri. Tunazika keshokutwa."

Keshokutwa! Hata angeota mbawa asingewahi. Na Mzee angemwachia nani, nyani? Akamtazama yule wa mawe aliyekunja mikono, akamwonea wivu: yeye angalau aliwahi kufika. Alitaka kupiga yowe. Lakini Mzee alikuwa anatabasamu, amekumbuka mpaka rangi ya sari aliyovaa Kusuma siku ile. Kwa miezi mingi hakuwa mzima hivyo. Dafrosa akameza kilio chake kikavu kikavu.

Wakaishia kwenye hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, la mawe, lililojengwa Watamil walipotawala pale. Mzee akawasha taa ndogo ya mafuta, akamgeukia. "Washa na wewe. Mama hajambo?"

"Hajambo, Mzee."

Njiti mbili zikamzimikia, Mzee akamshikia kiberiti.

Waliporudi Crystal, Watanzania wenzake Dafrosa walikuja kumpa pole, wakasali rozari, wakaleta pilau, wakatawanyika kwenda kazini. Asubuhi aliyorudi kazini, Mzee akauliza lile swali lake. Dafrosa akaketi kitandani kwake.

"Mama alifariki, Mzee. Siku ile tuko kule kwenu."

Mzee akalia kama mtoto. "Nimekunyang'anya mama yako," alisema, akamshika mikono, na uji akaukataa. Dafrosa naye akalia kilio kile alichokimeza mbele ya jabali. Walilia mpaka wakachoka.

Kesho yake akafungua mlango. Mzee alikuwa ameketi, amechangamka, amesahau yote.

"Mama hajambo?"

Dafrosa akasimama, buti moja mguuni, nyingine mkononi. Akimwambia, Mzee atafiwa upya leo, na kesho, na keshokutwa. Na katika dunia nzima, ni huyu tu aliyebaki wa kumuulizia mama yake.

"Hajambo, Mzee," alisema. "Anasema ananingoja."